Mshenga wa Mbwa Mkubwa

Mbwa mkubwa asiyekufahamu haitwi. Mzee anafungua geti kwa upana wa bega, anapenya, analirudishia taratibu, kisha anachuchumaa akimpa mbwa ubavu, macho chini, mikono juu ya magoti. Hasemi neno. Upande wa pili wa uwanja, chini ya tangi la maji lililoachwa na wajenzi wa barabara, amesimama dume la chotara: mgongo mweusi, miguu ya kahawia, masikio ya German Shepherd, mkia uliojikunja wa mbwa koko. Mbavu zake zinahesabika. Kambi ilivunjwa, mitambo ikapakiwa, mabati yakang'olewa, yeye akabaki na mnyororo wake. Walinzi wa jirani walikuwa wakimrushia makombo kwa mbali.

Mzee anakaa vile hadi kivuli cha tangi kinamfikia. Anachotazama si meno. Anatazama uzito wa mwili umeegemea wapi: ukiwa kwenye miguu ya mbele, mbwa anakuja, ukiwa kwenye miguu ya nyuma, anatafuta njia ya kukimbilia. Anatazama mkia, na kutikisika kwake tu hakumridhishi. Anataka kujua unatikisika ukiwa juu na mgumu, au chini na mlegevu, maana mbwa anaweza kutikisa mkia na kuuma papo hapo. Anatazama mdomo. Ukifumbwa kwa nguvu, mbwa ana wasiwasi. Ukifunguka na ulimi ukatoka, misuli ya uso imelegea. Anasubiri mwayo. Mbwa anayepiga mwayo mbele ya mgeni hana usingizi. Anajituliza, na anayejituliza hajaamua kushambulia.

Mwayo unakuja. Mzee anaingiza vidole mfukoni, anatoa dagaa mmoja mkavu, anamtupa, si kwa mbwa bali pembeni yake, ili kumfuata amlazimu mbwa kugeuza shingo na kuacha kumkodolea. Kisha mwingine, karibu kidogo. Kisha mwingine. Inapofika zamu ya mkono wenyewe, mkono uko chini, kiganja wazi, wala hausogei kumfuata mbwa. Pua ndiyo inayoufuata mkono.

Siku ile hakumfungua mnyororo. Alimnusisha mkono, mbwa akanusa, Mzee akaondoka. Alirudi kesho yake saa ileile, akiwa na shati lilelile alilolivaa jana kwa makusudi, bila kufuliwa.

Wanaomfahamu humwita Mzee, nami nitamwita hivyo. Alikuwa afisa mifugo, akastaafu akiwa Mbeya, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilipita kwa ng'ombe na nguruwe. Mbwa walikuja pembeni. Mtu anahamishwa kikazi, mwingine anafariki, kampuni inafunga kazi, na mbwa anabaki uani bila mwenyewe. Mbwa mdogo hupata pa kuingia, hata jikoni kwa jirani. Mkubwa ndiye mzigo: anakula sana, anaogopwa, na wengi wanaomtaka wanamtaka kwa sababu isiyofaa. Nairobi wana KSPCA yao, na Usa River karibu na Arusha wapo Mbwa wa Africa, watu waliojipanga kupokea wanyama wa namna hii. Huku Nyanda za Juu Kusini mara nyingi kazi humwangukia mtu mmoja mwenye ua, kamba na muda. Nimeitazama kazi ya Mzee kwa karibu na sioni aibu kuiita ufundi.

Mnyororo ulipotoka, chini yake palikuwa na kidonda kilichoizunguka shingo yote, manyoya yameliwa, ngozi imekuwa ngumu kama soli. Mzee hakumvisha mkanda wa shingoni juu ya kidonda. Alichukua kamba laini ya pamba, akaipitisha kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, akaifunga mgongoni kwa fundo lisilojikaza lenyewe, na mbwa akatembea hadi kwenye pikapu akivutwa kwa kifua, shingo ikiwa huru. Kamba ile alikuwa ameisuka mwenyewe usiku uliotangulia, baada ya kukadiria kifua kwa macho tu. Ilimkaa sawasawa.

Nyumbani kwa Mzee kuna banda la matofali lenye vyumba viwili na uwanja mdogo wenye wavu. Mbwa mpya huingia chumba cha peke yake. Hapa ndipo haraka ya watu wengi huharibu mambo, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini Mzee hana haraka. Mbwa ambaye historia yake haijulikani anaweza kuwa amebeba kichaa bila dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kwa kawaida ugonjwa hujificha miezi miwili hadi mitatu kabla ya kujitokeza, na unaweza kujificha wiki moja tu au hata mwaka. Dalili zikishaonekana, kwa mbwa au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Hadi asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa kichaa huambukizwa na mbwa. Kwa hiyo Mzee humchanja, huandika tarehe kwenye kadi, na hamkabidhi mbwa kwa mtu yeyote kabla miezi mitatu haijatimia. Watu huja wakiwa na pesa mkononi, huja wakiwa na barua, huja wakiwa na undugu. Jibu ni lilelile: kadi haijafika tarehe. Na mtoto wa jirani akikwaruzwa na jino, kidonda huoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha safari ya hospitali, hata kama mbwa anaonekana mzima kama simba.

Baada ya chanjo huja mzani. Dawa ya minyoo hutolewa kwa kilo, ya kupe vilevile, na kukisia uzito wa mbwa mkubwa aliyekonda ni kumpa dawa pungufu au kumlevya. Jirani ya Mzee kuna ghala la mpunga wa Mbarali lenye mzani wa chini, wa sahani pana ya chuma, ule wa kuwekea magunia. Mbwa haogopi mzani kwa kuwa ni mzani; anaogopa sahani inayocheza chini ya miguu yake. Mzee alianza kwa kutandika gunia tupu uwanjani na kumlisha juu yake. Siku zilizofuata gunia likahamia juu ya ubao, ubao ukawekewa jiwe dogo chini ili ucheze kidogo, kisha jiwe kubwa zaidi. Walipofika ghalani, mbwa alipanda sahani ya chuma yenye gunia lake, akasimama kwa miguu yote minne na kungoja dagaa. Kilo 31. Mpakuzi wa magunia aliyekuwa ameegemea mlango alitikisa kichwa akasema, "Mzee wangu, sisi wenyewe hatusimami hivyo."

Kilo 31 kwa mwili ule ni njaa. Lakini Mzee hakumjaza. Mbwa mwenye kifua kirefu na kipana akila kingi kwa mkupuo, kisha akakimbia, tumbo lake linaweza kuvimba hewa na kujipinda, na ndani ya saa chache akafa. Kwa hiyo chakula kilikuwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na baada ya kila mlo mbwa alibaki chumbani hadi atulie. Ugali wa dona, si sembe. Dagaa waliosagwa. Maini au utumbo uliochemshwa, unaopatikana kwa bei nafuu Mwanjelwa asubuhi na mapema. Mchicha kidogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa haikuingia kabisa, maana hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyochana utumbo. Na kitunguu, ambacho kwetu hakikosekani katika chungu chochote, kwa mbwa huharibu damu. Mabaki ya mchuzi wa nyumbani yaliishia kwa nguruwe. Mke wa Mzee ndiye anayepika, na sufuria ya mbwa ina mfuniko wake uliochorwa alama ya rangi nyekundu ili mtu asikosee.

Kidonda cha shingo kilioshwa kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Kupe waliondolewa mmoja mmoja kwa kibano, kichwa na yote, baada ya hapo ndipo dawa ya mbwa ikatumika. Ile ya kuogeshea ng'ombe, ambayo wengi huiona inafaa mnyama yeyote, Mzee haigusi kwa mbwa. Meno yalimwambia umri: ya mbele chini yamelika ncha, magego yana utando wa njano, basi miaka minne au mitano. Mwili ulipopata nguvu, daktari wa mifugo alimhasi, na mbwa akapumzika hadi mshono ukakauka.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa wa aina hii, siku ya tatu ndiyo kwanza anaanza kulala usingizi wa kweli, ule wa ubavu, miguu imenyooshwa. Kabla ya hapo alilala akiwa amejikunja, pua mlangoni. Tabia yake halisi ilianza kuonekana wiki ya tatu, na hapo Mzee akaanza kumpima.

Kupima hakuna kifaa. Kuna kamba ndefu ya katani, kuna subira, na kuna daftari la shule la kurasa 80. Kila jambo hupimwa peke yake, kwa umbali mkubwa kwanza. Kuku: mbwa aliwatazama, akageuza kichwa. Mbuzi: alivuta kamba, akanyemelea, Mzee akaandika "hapana mbuzi." Watoto wanaocheza mpira nje ya wavu: masikio mbele, mwili umelegea, sawa. Mtu mwenye fimbo: alirudi nyuma, hakunguruma. Mwanamke mwenye ndoo kichwani: hakujali. Bakuli la chakula likiguswa naye akila: aliganda, akakodoa jicho moja pembeni. Hilo Mzee alilifanyia kazi mwezi mzima, akipita karibu na bakuli na kuongeza kipande cha ini badala ya kuchukua, mpaka mbwa akaanza kuinua kichwa kwa furaha kila mkono unapokaribia.

Kisha bodaboda. Mbwa alikuwa amelala, ikapita pikipiki nje, hakuamka. Ikapita nyingine, akaruka akaugonga wavu kwa kifua. Wengine wangeandika "anachukia pikipiki" na kufunga daftari. Mzee aliketi kwenye kigoda chake siku nzima akitazama barabara, na jioni akasema kwamba pikipiki haina kosa. Kosa ni vazi. Dereva wa kwanza alivaa jaketi la kawaida. Wa pili alivaa kizibao kile chenye mistari inayong'aa. Kesho yake alimwomba kijana wa jirani apite kwa miguu, mara na kizibao, mara bila. Bila kizibao, mbwa alinusa hewa. Akiwa na kizibao, mbwa alinguruma kutoka tumboni, manyoya ya mgongo yamesimama. Mambo ya kambini hatukuyaona, lakini wajenzi wa barabara huvaa mavazi yale.

Ugunduzi huo mdogo ndio ulioamua mbwa ataishi wapi. Mbeya mjini kila kona ina kijiwe cha bodaboda, na kila kijiwe kina vijana wenye vizibao. Soweto, Kabwe, Mafiati, Uyole, kote huko mbwa angeshinda kutwa nzima manyoya yamesimama. Angebweka, angepigwa mawe, na siku moja geti lingeachwa wazi. Mzee alichora mstari kwenye daftari, chini yake akaandika: nje ya mji, mbali na barabara.

Wachumba walikuwa wameshaanza kuja. Nasema wachumba kwa sababu kazi ya Mzee ni ya mshenga hasa: anakwenda huku na kule, anauliza bila kuonekana anauliza, anatazama jiko kabla ya sebule, na heshima yake yote iko katika uwezo wa kusema hapana bila kuvunja ujirani.

Wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja na gari zuri na maneno mazuri.

"Shikamoo Mzee. Nimesikia una mbwa mkali."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Mchana atakuwa wapi?"

"Mchana atafungwa nyuma ya stoo. Usiku namwachia."

Mzee alimkaribisha chai, akamweleza polepole kwamba mbwa anayefungwa kutwa kwenye mnyororo hawi mlinzi, anakuwa hatari. Hajui nani ni mteja na nani ni mwizi, kwa sababu hajakaa na watu. Akimwachia usiku, atamuuma wa kwanza atakayemkuta, na huyo anaweza kuwa mtoto wa mwenye duka aliyeamka kwenda chooni. Mfanyabiashara aliondoka bila mbwa, lakini na ushauri wa taa na kufuli, na walipeana mikono.

Alikuja mwalimu wa Iyunga, mtu mwema, aliyempenda mbwa na mbwa akampenda. Mzee alikwenda kuona kwake. Nyumba ya kupanga, uzio wa michongoma wenye mapengo, na upande wa kulia familia ya Kiislamu inayotumia bomba moja la uani na mpangaji. Mbwa angelamba ndoo zao, na jirani angelazimika kuosha vyombo vyake kwa taratibu za dini kila mara, au kunyamaza kwa uchungu. Mzee hakuona haki mtu yeyote apewe mzigo huo bila kuulizwa. Alimwambia mwalimu: ukijenga kwako, nitakutafuta. Jina lake lipo kwenye daftari, nalo halikufutwa.

Mtu mwingine alitaka kumpeleka mbwa kulinda mbuzi. Hapo Mzee alisimulia habari za Ruaha, na zinafaa kusimuliwa. Ukitoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, njia ya Idodi na Tungamalenga, kama kilomita 130, unapita vijiji vya wafugaji wanaoishi na simba, fisi na chui mlangoni. Mradi wa Wanyama Wala Nyama wa Ruaha, ulioanzishwa na mtafiti Amy Dickman mwaka 2009 na ambao leo unaendeshwa chini ya Lion Landscapes, uliwasaidia wafugaji kujenga mazizi ya waya, na baadaye ukajaribu kuleta mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, Anatolia, kutoka kwa Cheetah Conservation Fund ya Namibia. Shirika hilo la Namibia limekuwa likiwagawia wafugaji mbwa hao tangu 1994. Dume la mbwa hao huweza kupita kilo 50. Ukubwa peke yake, hata hivyo, haulindi mbuzi. Mbwa yule huletwa akiwa mtoto, huwekwa zizini na wana-mbuzi, hulala nao, hunusa nao, hata akikua anajihesabu kuwa mmoja wao. Naye hamshindi simba kwa kupigana. Anabweka mapema, anajiweka kati ya kundi na hatari, watu wanaamka, na mnyama mwindaji anapendelea kwenda kwingine. Familia inayompokea nayo huchaguliwa: kuna mtu wa kumlisha kila siku, watoto hawamchezei akaacha kundi, mchungaji anakubali kutembea naye.

Dume la kambini lilikuwa na miaka minne au mitano na halikuwahi kulala na mbuzi. Mzee alisema hivyo tu, na yule mtu akaelewa.

Aliyepatikana mwishowe ni mama mmoja, muuguzi mstaafu, anayeishi kwenye mteremko wa Rungwe, mbali kidogo na barabara kuu ya Tukuyu. Ana ng'ombe wa maziwa wawili wa kulishwa bandani, migomba, na miparachichi michanga ambayo matunda yake hupotea usiku. Mzee hakumuuliza kama anapenda mbwa. Aliuliza nani anaamka wa kwanza nyumbani, nani anapika, wajukuu wanakuja lini, mbwa wa mwisho aliyekuwepo alikufa kwa nini na wapi amezikwa. Mama alikwenda akamwonyesha, chini ya mti kando ya kisima. Nilimwona Mzee akiandika hilo.

Kisha akalizunguka boma, na ningependa kila mwenye mbwa amwone mtu huyu akikagua uzio. Hatembei wima. Anainama hadi macho yake yawe usawa wa macho ya mbwa, maana pengo lisiloonekana na mtu mzima aliyesimama ni lango kwa mwenye miguu minne. Pale ardhi ilipokuwa laini, alichimba kwa kisigino, akaomba mawe yapangwe chini ya wavu. Geti lilikuwa moja. Alishauri liongezwe la ndani la mbao, ili mtu akifungua la nje, la ndani liwe limefungwa. Banda la mbwa lilikuwa kubwa mno. Rungwe mvua hunyesha sana na mwezi Juni na Julai baridi yake inauma, na mbwa hupasha banda joto kwa mwili wake mwenyewe. Likiwa kubwa, joto linapotea. Mzee alitoa futi kamba, akasoma vipimo vya mbwa kutoka daftarini, akamwelekeza kijana seremala: sakafu iinuliwe matofali mawili kutoka ardhini, mlango usielekee upepo, dari ishuke, matandiko yawe majani makavu yanayobadilishwa, si gunia linaloshika maji.

Mama alikubali yote ila moja. "Baba, huyu si atakunywa maziwa? Maziwa yapo."

"Mama, maziwa mabichi yatamharisha. Mpe mgando, kidogo kidogo, uone choo chake."

Kutambulishwa kulifanyika Mbeya kwanza, kwa Mzee, mahali ambapo mbwa ana amani. Mama alikuja na ungo wa maharage. Alikaa kwenye kigoda nje ya wavu akachambua, hakumwita mbwa, hakumtazama, akaondoka maharage yalipokwisha. Alipokuja tena, alikaa ndani ya wavu. Mbwa alimzunguka, akanusa viatu, akanusa ungo, akalala hatua chache kutoka kwake, mgongo ukimwelekea. Kwa mbwa, kukupa mgongo ni kukuamini. Mama aliacha kanga yake kuukuu, nayo ikatandikwa chumbani, ili harufu ya nyumba mpya imfikie kabla ya miguu yake kufika. Mara iliyofuata yeye ndiye aliyeleta bakuli la chakula, Mzee akiwa amesimama mbali, na tangu siku hiyo Mzee hakumlisha tena mbwa kwa mkono wake. Nilimwona akikaa ndani wakati wa mlo, mlango umefungwa, akisikiliza.

Asubuhi ya safari, miezi mitatu ikiwa imekwisha, mbwa hakupewa chakula, kwa sababu ya kona za barabara. Alipanda pikapu mwenyewe, ndani ya kizimba cha mbao kilichotandikwa ile kanga. Uyole, Igawilo, kisha barabara ikaanza kupanda, ukungu wa Isongole, magunia ya viazi kando ya njia, halafu kushuka kuelekea Kiwira. Dereva alikuwa ameombwa avae shati la kawaida na asipige honi.

Walifika kabla ya jua kupanda. Hakukuwa na umati. Wajukuu walikuwa wamepelekwa kwa shangazi yao. Mzee alishika kamba, mama akatembea mbele, wakaufuata uzio wote kwa ndani, polepole, mbwa akinusa kila nguzo na kukojoa anapotaka. Mzunguko wa pili kamba ilikuwa mikononi mwa mama na Mzee alikuwa nyuma. Mzunguko wa tatu Mzee hakuwepo. Alikuwa amesimama kwa mwenyekiti wa kitongoji, wakiandika karatasi. Karatasi ile ina mambo machache: mbwa hafungwi mnyororo mchana kutwa, anachanjwa kichaa kila mwaka, hauzwi wala hagawiwi, na ikishindikana, kwa sababu yoyote, saa yoyote, anarudi kwa Mzee bila lawama. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na Mzee anaifahamu vizuri, lakini anasema mtu hutimiza zaidi ahadi aliyoiweka sahihi mbele ya majirani zake.

Aliondoka bila kumuaga mbwa. Nilipouliza, alisema kuaga ni kwa ajili ya anayeondoka.

Wiki za kwanza zilikuwa na taratibu zake. Kamba fupi ilibaki inaburuzwa, ili mtu aweze kuikanyaga bila kumkimbiza mbwa. Mama peke yake ndiye aliyemlisha.  Mbwa alilia usiku, akachimba karibu na geti na kukutana na yale mawe, akaacha. Wajukuu walirudishwa mmoja mmoja, mkubwa kwanza, kila mmoja akifundishwa kukaa ubavu na kuacha mkono chini. Mzee alipiga simu jioni, na swali lake la kwanza halikuwa kama mbwa ana furaha. Aliuliza amekula saa ngapi na choo kikoje. Alipokwenda kumwona, alibaki nje ya uzio, upande ambao upepo haukupeleka harufu yake, akatazama kwa mbali mahali uzito wa mwili ulipoegemea, mkia, mdomo. Akaandika, akarudi Mbeya. Mzani wa mpunga haupo Rungwe, lakini kituo cha kukusanyia maziwa kina mzani wake, na mama aliutumia: kilo 39.

Nimeona mafundi wengi wa Mbeya wakisifiwa, waseremala na washonaji na wajenzi, nao wanastahili. Huyu anastahili vilevile, kwa sababu kitu anachokitengeneza kikiharibika kinauma watu.

Msomaji, kama unafuga mbwa mkubwa na barua ya uhamisho imekufikia, usingoje siku ya kupakia vyombo. Anza miezi mitatu kabla. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, hakikisha chanjo na kadi yake, kisha chukua karatasi uandike anakula nini na mara ngapi, anaitikia jina gani, amezoea nani, na anaogopa nini. Usimpe wa kwanza anayemtaka. Nenda ukaone uzio wake na uulize nani anashinda nyumbani. Kama huna wa kumpa, mwone afisa mifugo wa kata yako. Yeye anawafahamu watu wenye ua na wenye moyo wa kazi hii, na kumweleza mapema hakugharimu kitu.